Hakuna Mtu Huchangia Kipimo

Kuna komenti moja niliifuta mwezi wa tano, na leo nataka kuirudisha.

Si mnakumbuka ile video ya mathe? Ile nilikuwa nimeketi kwa ngazi za hospitali, macho mekundu, nikiwaambia kwamba mamangu amepatikana na kansa ya tumbo inaitwa GIST na tunahitaji pesa za dawa ya miaka mitatu. Mlituma. Wengine shilingi 50, wengine 1,000, na kuna msee alituma 20 akaandika, "Pole, ndiyo nilikuwa nayo." Kwa siku tisa tulifika shilingi 214,350. Usiku nilikuwa nalala na simu kifuani, nikisoma meseji za M-Pesa kama mtu anasoma barua za mapenzi.

Sasa katikati ya hizo pole na maombi, mtu mmoja akaandika maneno manne tu: "Mmepima jeni ya uvimbe?"

Hakuna pole. Hakuna emoji ya kulia. Nikaona huyu ni mjuaji, amekuja kujionyesha kwa shida ya watu. Nikafuta komenti, nikamfungia kabisa asinione tena.

Wiki saba baadaye, daktari mwingine akaniuliza swali lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Na jibu la hilo swali likageuza kila kitu nilichokuwa nimewaambia kwa hiyo video.

Kwa hivyo hii posti ina kazi tatu. Kuwapa hesabu ya pesa zenu. Kumwomba huyo msee msamaha. Na kusema jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi wa saba: sisi Wakenya tunachangia dawa, tunachangia tiketi ya ndege ya India, tunachangia mazishi na hema na viti. Lakini hakuna mtu huchangia kipimo.

Wacha nianze na alsa.

Mathe alikuwa na "alsa" kwa miaka miwili. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na sisi pia tukaambia watu hivyo. Tumbo lilikuwa linajaa haraka, anakula vijiko vitano anasukuma sahani. Alipimwa H. pylori, akapewa zile dawa za wiki mbili, akarudia tena. Akaacha maharagwe, akaacha chai ya maziwa, akaacha pilipili. Kwa kemisti ya mtaani walikuwa wanamjua, akiingia tu wanamtolea omeprazo kabla hajasema kitu. Kuna wakati alianza kuchoka vibaya, akipanda ngazi mpaka kwetu orofa ya nne anapumzika mara tatu. Mimi nilidhani ni umri.

Kitu ambacho hakutuambia, kwa sababu mama Mkenya hawezi kukaa na watoto wake aongee maneno ya choo, ni kwamba choo chake kilikuwa cheusi kama lami. Hiyo ni damu. Damu ikivuja tumboni, inapofika chini imeshabadilika rangi. Tafadhali, kama kuna kitu kimoja utabeba kutoka hapa, beba hicho. Choo cheusi, cha kunata kama lami, si cha kunyamazia. Wazazi wetu waulizwe hata kama wataona haya.

Mwezi wa pili akaanguka sokoni. Damu yake ilikuwa imeshuka mpaka 5, na mwanamke mzima anafaa kuwa na kama 12 kwenda juu. Wakamwongeza damu, wakamtia ile kamera ya mdomoni, endoskopi. Hapo ndipo mara ya kwanza mtu aliangalia ndani ya tumbo lenyewe baada ya miaka miwili ya kulitibu. Hakukuwa na alsa ya kawaida. Kulikuwa na kitu kimesukuma ukuta wa tumbo kutoka nyuma, kama mtu amejificha nyuma ya pazia, na juu yake ngozi ya tumbo imechanika kidogo inavuja. Skani ya CT ikasema sentimita 11. Ukitaka kujua sentimita 11, chukua embe kubwa.

Akapasuliwa mwezi wa tatu. Uvimbe ukatoka mzima, pamoja na kipande cha tumbo. Patholojia ikasema GIST. Daktari akatuambia umetoka wote lakini kwa ukubwa ule unaweza kurudi, kwa hivyo anywe imatinibu, miligramu 400 kila siku kwa miaka mitatu. Ile ya kutoka India ilikuwa inatugharimu shilingi 12,000 kwa mwezi. Miezi 36 ni shilingi 432,000. Hapo ndipo nikaketi kwa ngazi na simu yangu.

Sasa niwaeleze GIST ni nini, kwa sababu mwenyewe niliomba pesa za ugonjwa ambao sikuuelewa.

Kansa ya tumbo ambayo watu wengi wanaijua huanzia kwa ile ngozi laini ya ndani. GIST haianzii hapo. Inaanzia ndani ya ukuta wenyewe, kwa seli zinazofanana na zile zinazoitwa seli za Cajal. Huyo Cajal alikuwa mwanasayansi Mhispania aliyepata Nobel mwaka 1906. Hizo seli kazi yake ni kuweka mdundo, kuambia misuli ya tumbo na utumbo ikaze saa gani na iachilie saa gani. Ndiyo chakula kinasonga bila wewe kufikiria. GIST ni adimu, kama watu 10 hadi 15 kwa kila milioni moja kwa mwaka, na zaidi ya nusu huwa kwa tumbo, zingine kwa utumbo mwembamba na kwingineko.

Kwa miaka mingi madaktari walikuwa wanaziita kansa za misuli laini, wanazipiga dawa za kawaida za kansa, na hazishtuki. Mpaka mwaka 1998, watafiti wa Osaka huko Japani wakaonyesha kwamba nyingi zina hitilafu kwa jeni moja inaitwa KIT.

KIT nitaieleza kwa lugha ya mathree. Dere hasongi mpaka makanga agonge bodi. Makanga akigonga, dere anakanyaga mafuta. Makanga akinyamaza, dere anatulia. KIT ni sikio la dere. Iko juu ya seli, inangoja igongewe ndiyo iseme, "Haya, gawanyika." Sasa jeni ya KIT ikiharibika, sikio linasikia mgongo hata kama makanga ameshuka kitambo. Dere anakanyaga tu. Hakuna stage, hakuna taa nyekundu. Seli inagawanyika, inagawanyika, mpaka una embe kwa tumbo.

Imatinibu ni nini? Ni pamba ya masikio. Inaingia kwa kile kishimo cha KIT na kuziba, dere hasikii tena, gari linasimama. Ilitengenezwa kwanza kwa kansa moja ya damu. Halafu mwezi wa tatu mwaka 2000, huko Helsinki, Finland, mwanamke mmoja ambaye GIST yake ilikuwa imesambaa na dawa zingine zimeshindwa akapewa imatinibu. Uvimbe ukanywea. Marekani ikaidhinisha Glivec kwa GIST mwaka 2002. Kwa watu wa kansa hiyo ilikuwa kama miujiza, na mimi niliposoma hiyo hadithi nililia, kwa sababu nilijua mathe pia atakuwa yule mwanamke wa Helsinki.

Dunia ilipigania hiyo tembe. Novartis na The Max Foundation walikuwa na mpango wa kuigawa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi maskini, hata Kenya ilikuwemo. India nayo, tarehe 1 Aprili 2013, mahakama yao ya juu zaidi ilikataa kuipa Novartis hataza ya ile aina mpya ya Glivec, na kampuni za huko zikaendelea kutengeneza za bei ya chini. Ndiyo maana mimi, mtoto wa fundi wa nguo asiye na kazi ya mshahara, niliweza hata kuota kununua tembe za kansa.

Lakini hiyo vita yote ilikuwa ya tembe. Hakuna aliyeniambia kuna kitu kinakuja kabla ya tembe.

Mathe alianza dawa mwezi wa tano. Asubuhi baada ya uji, tembe moja na glasi kubwa ya maji. Baada ya wiki mbili macho yakaanza kuvimba, anaamka kama mtu amelia usiku kucha. Miguu ikawa inakakamaa usiku. Kichefuchefu. Na mimi, mjinga, nilikuwa nafurahi. Nilimwambia, "Mathe, dawa ikiuma ndiyo inafanya kazi." Alikuwa ananitazama na hayo macho yaliyovimba, anameza. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasoma kwa simu.

Wiki ya saba yule daktari wetu hakuwepo, tukatumwa kwa mwingine. Daktari mama, mpole, anaongea polepole. Akafungua faili, akasoma ripoti ya patholojia mara mbili. Akaweka kidole kwa mstari mmoja. Unajua wakipima GIST huwa wanapaka seli rangi maalum kuona kama zina alama fulani. Moja inaitwa CD117, ambayo ndiyo KIT yenyewe. Nyingine inaitwa DOG1, na ndiyo, nilicheka pia, lakini si mbwa, ni kifupi tu cha kusema iligunduliwa kwa GIST. Ya mathe, DOG1 ilikuwa imewaka vizuri. CD117 ilikuwa hafifu.

Akauliza, "Jeni ya uvimbe ilipimwa?"

Nikasikia baridi mgongoni. Nilikumbuka yale maneno manne.

Akatueleza. GIST ni jina la familia, si jina la mtu. Ndani yake kuna watu tofauti, na kinachowatofautisha ni mutesheni, yaani ni wapi hasa jeni imeharibika. Karibu tatu kati ya kila nne zina hitilafu kwa KIT. Na hata hapo kuna vyumba. Hitilafu ikiwa kwa chumba cha 11, wanaita eksoni ya 11, imatinibu hufanya kazi vizuri sana, na hao ndio wengi. Ikiwa eksoni ya 9, mara nyingi ni za utumbo, na kama zimesambaa wakati mwingine dozi huongezwa mara mbili mpaka 800. Halafu kuna zile ambazo KIT iko sawa kabisa, lakini jirani yake ndiye ameharibika. Huyo jirani anaitwa PDGFRA, wanaishi karibu kwenye kromosomu ya 4, na watafiti walimshika mwaka 2003. Hizo ni kama moja kati ya kila kumi, na nyingi ni za tumbo.

Zaidi ya nusu ya hizo za PDGFRA zina mutesheni moja inaitwa D842V. Na D842V haisikii imatinibu. Si kwamba inasikia kidogo. Haisikii.

Tukakubali kupima. Bahati nzuri hospitali huwa zinaweka kipande cha uvimbe ndani ya nta, kibloki kidogo, kwa hivyo mathe hakupasuliwa tena. Kipande kikapelekwa India. Shilingi 65,000. Na hapa ndipo nilipojifunza kuhusu sisi.

Nilifikiria kuwarudia niwaambie mchange ya kipimo. Nikajaribu kwanza kwa grupu la familia la WhatsApp. Wiki iliyopita yake hilo grupu lilikuwa limechanga shilingi 90,000 za mazishi ya babu mmoja tusiyemjua vizuri. Nikaandika, "Tunahitaji 65,000 kupima jeni ya uvimbe wa mama." Nikaona tiki za bluu. Zimejaa. Mjomba mmoja akaandika, "Si alishapimwa?" Shangazi akaandika, "Hizo pesa si bora zinunue dawa, mtoto wangu?" Basi. Hakuna hata 200.

Na siwalaumu sana, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyefuta ile komenti. Dawa unaiona. Ina boksi, ina rangi, unaweza kuipiga picha. Upasuaji una kovu. Jeneza unalibeba. Kipimo ni karatasi. Tena karatasi ambayo inaweza kukuletea habari mbaya. Nani anataka kulipia habari mbaya?

Nikachukua kwa zile zenu. Sikuwauliza, na hilo ni kosa langu, nalikubali hapa mbele yenu wote. Niliwaambia ni za dawa, nikazitumia kwa kitu kingine.

Majibu yalichukua wiki tano. Karatasi mbili. KIT: hakuna mutesheni. PDGFRA, eksoni ya 18: D842V.

Daktari mama akasema, "Mama, hii dawa tutaisimamisha leo."

Mnajua nilihisi nini? Si furaha, si huzuni. Aibu. Wiki hizo zote mathe ameamka na macho yamevimba, kwa tembe ambazo hazingeweza kumsaidia hata kama angezimeza miaka 30. Na mimi nilikuwa nimeketi kwa ngazi, nimewatoa shilingi zenu za bando na za lunchi kwa ajili ya hizo tembe.

Nikamuuliza daktari hii D842V ni nini hasa. Akachukua kalamu. Akasema mwili una maelekezo yaliyoandikwa kwa herufi, karibu bilioni tatu. Kila seli ikigawanyika inanakili yote. Mara mojamoja inakosea, na mara nyingi kosa linarekebishwa. Hii haikurekebishwa. Ile protini ya PDGFRA ni mnyororo wa vipande 1,089. Kipande cha 842 kinafaa kuwa D, sasa ni V. Na kilichofanya hivyo ni herufi moja tu ya DNA. Palipofaa kuwa GAC pakawa GTC. A ikawa T. Moja kati ya bilioni tatu.

Nikiwa kwa mathree kurudi nyumbani nikaandika kwa simu neno "tulia". Halafu nikabadilisha herufi moja, L ikawa M. "Tumia." Hiyo ndiyo D842V. Seli iliandikiwa tulia, ikasoma tumia. Na kwa kuwa hilo kosa linabadilisha umbo la sikio lenyewe, ile pamba haitoshei tena. Unaisukuma lakini kishimo si kilekile.

Kuna dawa inayotoshea. Inaitwa avapritinibu, Marekani waliiidhinisha mwezi wa kwanza mwaka 2020, hasa kwa watu wa aina ya mathe ambao uvimbe wao umesambaa au hauwezi kutolewa. Bei yake ni maelfu mengi ya dola kwa mwezi. Sitawaomba hizo. Na kwa sasa haihitajiki, kwa sababu wa mathe ulitolewa wote, na daktari alisema za D842V zilizoko kwa tumbo mara nyingi huwa za pole kuliko ukubwa wao. Kwa hivyo mpango ni kuangalia. Skani kila baada ya miezi michache, kwa miaka. Hakuna tembe.

Sasa kuna kitu kingine hiyo karatasi ilifanya, na hiki sikukipangia.

Wengi mnajua niliacha kampo mwaka wa pili. Nimekuwa nikiifanyia mzaha kwa video, lakini nyumbani haikuwa mzaha. Mathe alikuwa ameuza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo kulipa karo. Niliporudi na mabegi, hakusema kitu siku tatu. Na alsa ilianza mwaka huohuo. Shangazi hakuficha. Alikuwa anasema mbele ya wageni, "Huyu ndiye alimpea mamake alsa. Tangu aache shule huyu mama halali." Na uvimbe ulipopatikana, upande wa baba wakaja na yao, kwamba hii ni laana ya ukoo, kwa sababu nyanya pia alikufa na tumbo. Kwa hivyo mimi nilikuwa kati ya mawili. Ama ni mimi nilimfanya mathe augue, ama niko kwa foleni na zamu yangu inakuja.

Siku hiyo nilimuuliza daktari yote mawili. Nilikuwa natetemeka kidogo. Akasema GIST haina chakula wala mawazo yanayojulikana kuileta. Mutesheni ya mathe ilitokea kwa seli moja ya tumbo lake akiwa mtu mzima, haiko kwa damu yake, haikutoka kwa mamake, haikuja kwangu. Zipo familia chache sana ambazo GIST hurithiwa, na wapo vijana, hasa wasichana, ambao hupata aina nyingine isiyo na KIT wala PDGFRA, inaitwa ya SDH, na hao wanafaa kupimwa hata damu kwa sababu inaweza kuwa ya ukoo. Lakini bila kipimo usingeweza kujua uko wapi. Sisi tulipima. Hatuko hapo.

Nilianza kulia pale kwa kiti. Mathe akanishika goti. Akaniambia, "Umesikia? Si wewe." Halafu akangoja nipanguse machozi, akasema, "Basi rudi shule. Sasa huna kisingizio."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Hesabu yenu ndiyo hii. Mlituma 214,350. Dawa ya miezi miwili, 24,000. Kipimo, 65,000. Mwezi wa nane niliposema kwa stori fupi kwamba dawa imesimamishwa, watu 11 waliomba kurudishiwa na nikawarudishia, jumla 18,500. Skani ya kwanza, 14,000. Imebaki 92,850, iko kwa akaunti ya mathe, si yangu, na ni ya skani zijazo pekee. Risiti zote ninazo. Ukitaka yako, niandikie inboksi, sitauliza kwa nini.

Na tafadhali, imatinibu si dawa mbaya. Kuna mtu anasoma hapa ambaye ndugu yake yuko kwa hiyo dawa na inamweka hai. Asiiache kwa sababu ya posti ya mtu aliyeacha kampo. Ninachosema ni kuuliza. Ukiambiwa GIST, uliza: ni jeni gani, KIT au PDGFRA au hakuna? Ni eksoni ya ngapi? Kibloki cha uvimbe kiko maabara gani, na kitawekwa mpaka lini? Uliza kabla ya tembe ya kwanza, si wiki ya saba. Na usiulize mimi, muulize daktari wa kansa. Akikuona mjuaji, sawa. Mimi pia nilimwona mtu mjuaji.

Huyo mtu nilimtafuta, nikamfungulia, nikamwandikia. Nilidhani ni daktari. Kumbe ni kijana wa Eldoret anayefanya kazi ya kuosha magari. Babake alikuwa na GIST. Walinunua dawa miezi 14 kabla ya mtu kuuliza. Nikamuuliza kwao ilitoka mutesheni gani. Akajibu, "Hatukuwahi kujua. Tulipopata pesa za kupima alikuwa ameshaenda." Nikamuuliza mazishi walichanga ngapi.

Akaniambia ilikuwa zaidi ya bei ya kipimo mara sita.

Skani ya pili ya mathe ni tarehe 14 mwezi ujao. Uvimbe wa macho umeisha. Jana alipanda ngazi mpaka orofa ya nne bila kusimama, akafika juu akaniambia nimletee ile fomu ya chuo.